Hubloni: mmea unaotia bia uchungu, na feza ya akiba yetu



Juma hili tunaandika juu ya mmea ambao wengi wetu hatujauona hata siku moja, ingawa uchungu wake umepita katika kila karamu ya ndoa na kila nganda ya mtaa. Wabelgiji na Wafaransa wanauita houblon. Sisi tutaandika hubloni, kama watu wanavyoutamka.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika vikundi viwili vya akiba kumeletwa pendekezo: tuchange dola, tununue miche ya hubloni, tuipande pamoja kwenye kilima, kiisha tuuze maua kwa kiwanda cha bia. Waliolileta wanasema maneno matatu. La kwanza, kilo moja ya hubloni kavu huko Marekani imeuzwa kwa zaidi ya dola 10. La pili, bia ilikuwa inapikwa hapa kwetu Bukavu, hatuhitaji kwenda mbali. La tatu, mche ukishika, unaishi miaka 20. Tumeyachunguza maneno hayo, na yote matatu ni ya kweli. Ndiyo maana hatari yake ni kubwa, kwa sababu mtu akikudanganya kwa uongo unaweza kumshika, lakini akikupa kweli tatu na kuacha ya nne, unamshukuru na kumpa feza. Basi tuitafute hiyo ya nne.

Tuanze na mmea wenyewe. Anayetengeneza kasiksi anajua kazi yake: ndizi zinaiva, zinakamuliwa, unga wa mtama uliokaangwa unatiwa ndani, na baada ya siku moja au mbili kinywaji kiko tayari. Siku chache zikipita kinakuwa kikali, na mwishoni kinageuka siki. Hakuna anayeweka kasiksi mwezi mzima akingojea bei nzuri. Bia ya chupa inapikwa kwa kimea cha shayiri, na kimea peke yake kingetoa kinywaji chenye utamu wa kuchosha, tena cha kuharibika upesi. Hubloni inatiwa ndani ya sufuria kubwa wakati wa kuchemsha. Inaleta uchungu wa kushindana na ule utamu, inaleta harufu, tena inazuia vijidudu vingi vinavyochachusha kinywaji.

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika juu ya nguvu hiyo ya kuhifadhi alikuwa mwanamke. Ni Hildegard wa Bingen, mama mkuu wa watawa huko Ujerumani katika karne ya 12. Aliandika kwamba uchungu wa hubloni unazuia kinywaji kisioze, akaongeza kwamba unamletea mtu huzuni moyoni. Wale wetu wanaongoja mume usiku wa siku ya mshahara watakubaliana naye katika neno la pili bila kubishana.

Hubloni ina mume na mke, kila mmoja kwenye mche wake. Wa kiume anatoa vumbi la maua tu. Wa kike ndiye anayetoa maua yanayouzwa, ya kijani, yenye magamba yaliyopangwa moja juu ya lingine, marefu kama kidole gumba. Ukiyapasua unakuta unga wa manjano unaonata vidoleni. Unga huo unaitwa lupulini, na humo ndimo uchungu na harufu vilimo. Wakulima wa Ujerumani na Marekani wanang'oa kila mche wa kiume wanaouona, kwa sababu ukiwepo maua ya kike yanajaa mbegu, na wanunuzi hawazitaki. Basi shamba zima ni la wake. Kwa sababu hiyo hiyo hawapandi mbegu, maana zingeleta waume wengi. Wanakata vipande vya mizizi ya mama aliye mzuri na kuvipanda. Anayekuuzia mbegu za hubloni kwa ajili ya shamba la biashara, basi, mpe kwaheri pale pale.

Mizizi inabaki ardhini miaka mingi, lakini sehemu ya juu inakufa kila majira ya baridi na kuchipuka upya baridi ikiisha. Kutoka hapo mmea una haraka ya ajabu. Unajizungusha kwenye kamba kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, na katika majuma ya nguvu unaweza kurefuka sentimita 20 au zaidi kwa siku moja. Unafika mita 5 hadi 7 juu. Ndiyo maana shamba la hubloni linaonekana kama msitu wa nguzo, na juu yake nyavu za waya, na kutoka kwenye waya kamba zinashuka mpaka kwenye kila shina. Hekta moja inachukua mimea karibu 2,000. Huko Yakima, katika jimbo la Washington, Marekani, kamba hizo ni za nyuzi za nazi zinazoletwa kwa meli kutoka Asia, na kila mwaka zinafungwa mpya, kwa sababu wakati wa kuvuna kamba na mmea vinakatwa pamoja.

Kwa sisi Wakongo mfano ulio karibu katika historia ni Ubelgiji. Kule magharibi kabisa, karibu na mpaka wa Ufaransa, kuna mji mdogo wa Poperinge ambao umeishi kwa hubloni tangu zamani. Nyumba ambamo zamani mazao yalipimwa, kukaguliwa na kukandamizwa ndani ya magunia sasa ni makumbusho ya hubloni, na kila miaka mitatu, mwezi wa Septemba, watu wanaifanyia sikukuu yenye maandamano barabarani.

Kitu kilichotufurahisha zaidi huko ni chakula. Katika mwezi wa tatu, kila shina linatoa machipukizi mengi kuliko yanayohitajika, na mkulima sherti ayapunguze ili yabaki machache ya kupanda kwenye kamba. Wakulima wa Poperinge hawakuyatupa. Wanayachuma yakiwa bado meupe chini ya udongo, moja moja kwa mkono, mgongo umeinama, na yanaliwa pamoja na yai na mchuzi wa siagi. Leo ni chakula cha hoteli za bei kali, na yale ya kwanza ya mwaka yanauzwa kama kitu cha thamani. Sisi tunaokula majani ya maboga na sombe tunaelewa vizuri sana akili hiyo. Mpalizi wa shamba ndiye aliyeona kwanza kwamba magugu yake yanaweza kuingia chunguni.

Mavuno ndiyo yanayotuhusu sana sisi wanawake, kwa sababu kabla ya mashine kazi hiyo ilikuwa mikononi mwetu. Huko Uingereza, katika wilaya ya Kent, kila mwezi wa Septemba familia maskini za mashariki ya London zilipanda treni kwenda kuchuma. Walikuwa hasa wamama, mabibi na watoto. Waume walibaki kazini mjini na kuja mwisho wa juma. Walilala katika vibanda vya shambani, walipika nje kwenye moto wa kuni, na wengi waliita majuma hayo likizo, kwa sababu hawakuwa na likizo nyingine. Walilipwa kwa kipimo cha kikapu. Mpimaji mwenye mkono mzito alikuwa anashindilia maua ili kikapu kimeze mengi, na wachumaji walikuwa wanayapepea ili yajae upesi. Yeyote aliyenunua au kuuza maharagi kwa kopo sokoni anajua ugomvi huo bila kuelezwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 mashine za kuchuma zilienea, Uingereza na Ubelgiji pia, na safari hizo zikaisha.

Kwa nini mashine? Hesabu inajibu. Mtu mmoja anahitaji kama saa moja kuchuma mmea mmoja ulioshiba. Hekta yenye mimea 2,000 ni saa 2,000. Tukiwa watu watano, tukifanya saa 8 kila siku bila kupumzika, ni siku 50. Lakini maua ya aina moja yanakuwa tayari pamoja, na ndani ya siku chache tu yanapita: yanakuwa kahawia, harufu inaharibika, unga wa manjano unapukutika. Hayangoji siku 50.

Wala hayaishii kwenye kuchuma. Ua bichi lina maji karibu asilimia 80. Likikaa kwenye gunia mpaka asubuhi linapata joto lenyewe na kuoza. Kwa hiyo ndani ya saa chache sherti liingie kwenye nyumba ya kukaushia, juu ya wavu, hewa ya moto ipite chini kwa kiasi cha nyuzi 60, mpaka maji yabaki karibu asilimia 10. Kilo tano mbichi zinakuwa kilo moja hivi. Kiisha inakandamizwa, mara nyingi inasagwa na kufanywa vidonge, inafungwa katika mifuko isiyoingiza hewa na kuwekwa mahali pa baridi. Ikiachwa kwenye joto na hewa inapoteza uchungu na kunuka kama jibini la zamani.

Sasa tuwatazame watu waliofanya jambo lile lile tunaloshauriwa kulifanya, yaani kuanza shamba dogo la hubloni kwa biashara. Wapo wengi katika jimbo la New York, Marekani. Katika karne ya 19 jimbo hilo ndilo lililoongoza nchi kwa hubloni. Halafu vikaja ukungu wa majani, vidukari, ushindani wa mashamba makubwa ya magharibi, na mwaka wa 1920 serikali ikakataza pombe nchi nzima kwa miaka 13. Kazi ikafa. Karibu miaka mia moja baadaye viwanda vidogo vya bia vilichipuka kila mahali, na sheria ya jimbo ya 2012 ikavipa nafuu vile vinavyotumia mazao ya wakulima wa hapo. Watu wakaamka. Walimu waliostaafu, wenye mashamba ya ng'ombe, vijana waliotoka mjini, kila mmoja akasimamisha nguzo kwenye ekari moja au mbili.

Walikuwa na mambo mazuri ambayo sisi hatuna: siku ndefu za majira ya joto, barabara, umeme usiokatika, vyuo vikuu kama Cornell na kile cha Vermont jirani vilivyowafanyia majaribio bure, na sheria iliyomsukuma mnunuzi kuja kwao. Hata hivyo ekari moja ya nguzo, waya, kamba na mabomba ya maji iliwagharimu mara nyingi zaidi ya dola 10,000, kabla ya mashine ya kuchuma na kabla ya nyumba ya kukaushia. Mwaka wa kwanza karibu hakuna mavuno. Wa pili ni nusu. Wa tatu ndipo shamba linasimama. Wengi waligundua kwamba kulima ndiyo sehemu nyepesi. Kilichowashinda ni mashine. Waliofaulu zaidi walikuwa wale walioungana majirani kadhaa kununua mashine moja iliyotumika Ujerumani, au waliolipa mmoja wao awachumie na kuwakaushia wote. Hapo sisi watu wa likirimba tunaweza kutikisa kichwa kwa kukubali.

Kitu kingine kiliwapata. Mpishi wa bia hataki maua mazuri tu. Anataka karatasi inayosema uchungu ni asilimia ngapi, maana bila hiyo bia ya leo na ya kesho hazitalingana. Karatasi hiyo inatoka maabara na inalipiwa kila mavuno. Tena aina zinazotafutwa sana, kama Citra na Mosaic, zina wenyewe. Huwezi kuzipanda bila ruhusa yao, hata ukipata mzizi. Kiisha soko likalegea kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Wakulima wa Marekani walikuwa wamepanda kupita kiasi, na kati ya 2021 na 2024 eneo la hubloni nchini humo lilipungua kwa karibu robo. Watu waling'oa mimea ambayo ingeweza kuishi miaka 20. Kwa hiyo lile neno la tatu, maisha marefu ya mche, lina pande mbili: mmea unaweza kudumu kuliko mnunuzi wake.

Tungeweza kuishia hapa na kusema ni ghali. Lakini lipo jambo lililo kubwa kuliko feza, na hilo ndilo kweli ya nne.

Hubloni inahesabu saa za mwanga. Siku zikiwa ndefu, saa 15 na zaidi, inarefuka tu na kujaza matawi. Siku zinapoanza kufupika baada ya Juni, inapata habari kwamba baridi inakuja, inaacha kurefuka na kutoa maua kwa wingi katika matawi yote iliyojenga. Poperinge, katikati ya Juni, jua linakaa juu zaidi ya saa 16. Yakima ni karibu saa 16. Mashamba makubwa ya dunia yako katika mkanda wa kati ya digrii 35 na 55 kutoka ikweta, kaskazini au kusini, na mwanga huo ndio sababu kubwa.

Bukavu iko digrii mbili na nusu. Siku yetu ni saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki dakika 20. Ndiyo maana hatujawahi kusikia bibi zetu wakizungumza juu ya siku ndefu. Mche wa hubloni ukipandwa hapa hauoni ile miezi ya kujijenga. Unadhani siku zimekwisha kufupika, unatoa maua ungali mfupi, na maua yenyewe ni machache. Udongo wetu mweusi hauubadilishi hilo, wala mvua, wala samadi, wala bidii yetu inayojulikana. Mtu anaweza kukuonyesha picha ya mche wa kijani aliouotesha katika nchi kama yetu, na picha ikawa ya kweli kabisa. Muulize alivuna kilo ngapi kavu.

Afrika ina shamba la kweli la hubloni, na linaeleza jambo hili kuliko maneno yetu. Liko kusini kabisa, kuzunguka mji wa George, Afrika Kusini, digrii 34 kutoka ikweta. Hata kule siku zilikuwa fupi mno kwa aina zilizotoka Ulaya. Wakulima walilazimika kuwasha taa juu ya mashamba ili kuongeza mwanga, na watafiti walifanya kazi miaka mingi mpaka wakapata aina zao zinazovumilia siku fupi zaidi, kama Southern Brewer. Nyuma ya kazi hiyo kulikuwa na kampuni kubwa ya bia iliyokuwa inahitaji hubloni na kuilipia. Huko Brazili pia siku hizi wapo wanaolima kwa kuongeza taa. Basi haiwezekani kusema hubloni haiwezi kuota karibu na ikweta. Inaweza, kwa taa juu ya nguzo za mita tano. Sisi ambao umeme unakatika kabla maharagi hayajaiva, tujiulize taa hizo tutaziwasha na nini.

Inabaki lile neno la pili, kiwanda kilicho karibu. Ukaribu unampendeza anayeuza mzigo mkubwa na mzito. Hubloni ni kinyume chake. Bia ya kawaida ya viwanda inahitaji hubloni isiyozidi kiasi cha gramu 200 katika lita 100. Hekta moja nzuri ya Ujerumani au Marekani inatoa karibu tani 2. Gawanyeni wenyewe: hekta hiyo moja inatosha lita milioni moja za bia. Kontena moja la vidonge linashika mahitaji ya muda mrefu, linakuja kutoka kwa wafanyabiashara wa Ulaya kwa mkataba uliofungwa mapema, likiwa na karatasi za maabara. Ni nani katika kiwanda ataacha hilo na kuja kupima vikapu vyetu mlimani? Na tukigombana naye juu ya bei, mnunuzi mwingine wa hubloni yuko wapi? Wazee wa hapa waliopanda mti wa kinini wanajua maana ya kungoja miaka kwa zao chungu lenye wanunuzi wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mahindi yakikataliwa na mnunuzi, watoto wanakula bugali. Hubloni ikikataliwa, huwezi kuipika, labda tufuate watu wa Poperinge na kula machipukizi.

Kama tunataka mlango wa kuingia kwenye kiwanda cha bia, mlango ulio wazi barani mwetu ni wa nafaka. Nigeria ilipokataza kuingiza kimea cha shayiri mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vilihamia mtama na mahindi ya wakulima wa nchi. Hapa jirani, Uganda, bia ya Eagle ilianza mwaka wa 2002 ikipikwa kwa mtama wa aina ya Epuripur, na wakulima wadogo waliingia katika mikataba ya kuupanda. Bia nyingi za nchi yetu pia zinachanganya mchele au mahindi. Nafaka inahitajika kwa tani nyingi, ni nzito kusafirisha, hivyo ukaribu unalipwa. Na isiponunuliwa, inaliwa.

Na juu ya uchungu wenyewe, tusidhani Mungu aliwapa Wazungu peke yao. Watafiti wa Nigeria waliujaribu mubirizi, ule ule tunaochemsha kwa tumbo na kwa malaria, waone kama unaweza kushika nafasi ya hubloni, na uchungu waliupata. Viwanda vikubwa havikuuchukua. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi, tena bila kiwanda: kuna mti mdogo unaoitwa gesho, majani na vijiti vyake vinatia uchungu ndani ya tej, pombe ya asali, na tella, pombe ya nafaka. Gesho inapandwa uani, inakaushwa juani, inauzwa kwa mafungu sokoni, na wanawake ndio wengi katika kupika na kuuza tella. Haihitaji nguzo, waya wala karatasi ya maabara, kwa sababu mnunuzi ni jirani anayepika leo jioni. Hatusemi tupande gesho. Hapa hakuna anayeiulizia. Tunasema tu kwamba kule zao lilifuata mnunuzi aliyekuwapo tayari.

Kwa hiyo, sisi tunaoandika kijigazeti hiki tunatoa maoni yetu waziwazi kwa vikundi vyote viwili: feza ya akiba isinunue miche ya hubloni. Feza hiyo ni ada za shule za mwezi wa tisa na ni uzazi wa dada zetu watatu wanaongoja. Mwenye hamu ya kuuona mmea kwa macho, apande mitatu kwa feza yake nyuma ya nyumba, na atualike siku ya maua. Tutakuja na tutafurahi.

Na kama waliolileta pendekezo wanaliamini, waje kwenye mkutano na vitu vya kushikwa mkononi. Waje na barua ya mnunuzi yenye sahihi, kiasi na bei. Waje na jina la mahali, ndani ya digrii 5 za ikweta, ambapo hubloni imevunwa kwa biashara bila taa, na kilo zilizovunwa. Watuambie nani atachuma, nani atakausha usiku huo huo, na kwa kuni za nani. Watuambie pia kama wao wenyewe watatia dola ngapi, sawa na sisi, siku moja na sisi. Swali hilo la mwisho linafupisha mikutano mingi.

Kwa wale ambao wamekwisha kutamani nguzo na waya, liko zao linalopanda na linalotufahamu: marakuja. Linaanza kuzaa katika mwaka wa kwanza au wa pili, nguzo zake hazizidi mita mbili, na tunda lisilouzwa linakamuliwa nyumbani. Nalo lina magonjwa yake na hesabu zake za usafiri. Tutaliandikia juma lijalo, pamoja na bei za soko tutakazokuwa tumeuliza wenyewe. Aliye na shamba la marakuja, hata la miche kumi, atuletee kabla ya Alhamisi daftari lake la matumizi na mauzo, tulisome pamoja.